Kivuli cha Shikamaru na kosa la kuabudu nguvu

Wapenzi wa katuni za Kijapani wakikutana, iwe kijiweni, kwenye daladala au katika bweni la chuo, mjadala haukawii kufika palepale: nani mkali zaidi? Itachi angemweza Jiraiya? Kakashi angesimama mbele ya Pain dakika ngapi? Ubishi huo una raha yake na nimeushiriki mara nyingi. Hata hivyo, kadiri ninavyozidi kusoma hadithi za ninja ndivyo ninavyozidi kushikilia jambo moja, nami nitalitetea hapa bila kuuma maneno. Anayeuliza nani ana nguvu zaidi ameruka sehemu tamu kuliko zote. Pambano la ninja hunoga pale tunapojua mbinu ya mpiganaji inaishia wapi, inamgharimu nini, na nani amekaa kimya pembeni akiuhesabu mwisho huo.

Mfano wangu mkuu ni Naruto, kwa sababu ndiyo hadithi iliyofanya jambo hili vizuri kupita nyingine, na ndiyo hiyohiyo iliyokuja kulisahau. Masashi Kishimoto alianza kuichapisha katika jarida la Weekly Shonen Jump mwaka 1999, akaifunga Novemba 2014 baada ya sura 700 zilizojaza vitabu 72. Kwa asiyeijua: ni dunia ya vijiji vya kijeshi vinavyolea watoto kuwa ninja. Kila mtoto ana chakra, nguvu ya ndani anayoichochea kwa kufumba na kufungamanisha vidole katika alama maalumu. Mapigano yamegawanyika mafungu matatu. Taijutsu ni mikono na miguu. Ninjutsu ni maajabu ya moto, maji, vivuli na mizimu ya nafsi. Genjutsu ni kiinimacho kinachoshika akili ya adui. Chakra ikiisha, imeisha. Ukilazimisha, unaweza kufa.

Chukua pambano kubwa la kwanza, katika Nchi ya Mawimbi. Zabuza Momochi, muuaji aliyeasi Kijiji cha Ukungu, amemnasa mwalimu Kakashi ndani ya tufe la maji. Kakashi hawezi kutikisa hata kidole. Wanafunzi wake watatu wamebaki mbele ya mtu ambaye kwa nguvu hawamfikii hata magotini. Lakini Kishimoto ametia sharti dogo katika mbinu ile: ili gereza la maji lisibomoke, mkono mmoja wa Zabuza lazima ubaki umezama ndani yake. Yote yanayofuata yanatokana na mkono ule.

Naruto, mmoja wa wanafunzi hao, anajigeuza shuriken, ile silaha ya kurusha yenye ncha nne, kubwa kama tairi la baiskeli. Sasuke, mwanafunzi mwenzake, anaipokea na kuielewa hila bila kuambiwa neno. Anarusha shuriken halisi mbele, na ile ya uongo anaificha ndani ya kivuli chake. Zabuza anaidaka ya kwanza, anairuka ya pili, na anaamini mchezo umekwisha. Ile ya pili inageuka kuwa mtoto nyuma ya mgongo wake, na kisu kinarushwa kuuelekea mkono uliozama. Watoto hawa hawakuwa na haja ya kumshinda Zabuza. Walihitaji autoe mkono majini, na akautoa. Ukurasa ule nimewaonyesha watu ambao hawajawahi kushika kitabu cha manga maishani mwao, wakaelewa palepale kwa nini nyumbani tunaipenda hadithi hii.

Kila mtindo wa kupigana katika vitabu vile vya mwanzo umejengwa hivyo, kuna mlango na kuna ufunguo wake. Neji wa ukoo wa Hyuga anaona karibu pande zote na hupiga kwa ncha za vidole kwenye vituo vya chakra mwilini, mpaka mwili wa adui unabaki kama nyumba iliyokatiwa umeme. Naruto anamfikia kwa kuchimba chini ya ardhi, mahali ambapo macho yale hayakuwa yakitazama. Gaara wa Jangwani ana mchanga unaomkinga wenyewe, awe amewaza au hajawaza. Basi Rock Lee, kijana asiyeweza ninjutsu wala genjutsu hata kidogo, analazimika kuwa mwepesi kuliko mchanga. Mwalimu wake anampa ruhusa ya kuvua vyuma alivyofunga miguuni, vinaanguka na kutimua vumbi uwanja mzima, na kwa mara ya kwanza uso wa Gaara unaguswa na ngumi. Lee anafungua milango mitano kati ya minane inayouzuia mwili usijiteketeze kwa nguvu zake wenyewe. Anashindwa. Mchanga unamponda mkono na mguu, naye anasimama tena akiwa amezimia. Wengi hulitaja pambano hilo kuwa bora katika hadithi nzima na siwalaumu. Ila mimi sikubaliani nao, na sababu inaitwa Shikamaru Nara.

Shikamaru ni mvivu. Hataki kupigana na hapendi sifa, tena angefurahi kulala chali akitazama mawingu hadi uzee. Mbinu yake ni moja: anarefusha kivuli chake ardhini, na kikigusa kivuli cha adui, adui analazimika kufanya kila anachofanya yeye. Kivuli hicho kina kipimo, kwani hakiwezi kunyooka kupita ukubwa wa kivuli alichonacho wakati ule. Katika mtihani wa kupanda cheo anapangiwa Temari, dada yake Gaara, mwenye upepeo mkubwa wa chuma unaotoa dhoruba. Kwa mpangilio wa kawaida huyu ndiye adui mbaya kuliko wote kwake. Temari hana haja ya kusogea karibu. Anapepea kutoka mbali, anampima Shikamaru kwa macho, halafu anachora mstari ardhini mahali kivuli kinapogota. Ameujua mwisho wake na hatauvuka mstari ule. Shikamaru amebanwa ukutani.

Halafu anachuchumaa, anakutanisha ncha za vidole vyake na kufumba macho katikati ya vita. Tangu nilipouona mkao ule sijawahi kuuchoka. Kijana anafikiri, na mchoraji anatulazimisha tumsubiri.

Kumbe alikuwa ameegemea ukuta kwa makusudi. Jua linashuka, kivuli cha ukuta kinarefuka, na chake kinachotoka ndani ya kile kinarefuka nacho. Mstari wa Temari umepitwa na wakati bila yeye kujua. Anapogundua na kurudi nyuma, Shikamaru amekwisha kurusha juu koti lake lililofungwa mithili ya mwavuli, na kivuli cha koti kinakuwa daraja la kivuli chake angani. Temari anakwepa tena, anarudi nyuma zaidi, na hapo ananaswa kutoka mgongoni. Nyuma yake kuna shimo. Ni lile lililoachwa na Naruto alipomfuata Neji chini ya ardhi katika pambano lililotangulia, na ndani yake mna giza tupu la kupitishia kivuli hadi visiginoni mwake. Sisi wasomaji tuliliona shimo lile likichimbwa, tukalisahau kama Temari alivyolisahau.

Shikamaru anamtembeza hadi wanakutana uso kwa uso. Anainua mkono, Temari naye anainua wa kwake kwa kulazimishwa, na uwanja mzima unasubiri kipigo cha mwisho. Anatangaza kwamba amesalimu amri. Chakra inamwishia, amehesabu hatua nyingi mbele na kuona hatafika. Kati ya vijana wote wa mtihani ule, ni yeye peke yake aliyepandishwa cheo.

Naona uamuzi ule wa Kishimoto ndio moyo wa kazi yake yote. Kijiji cha ninja kilimtafuta kiongozi atakayewarudisha wenzake nyumbani wakiwa hai, na kikamwona kwa yule aliyejua mwisho wa nguvu zake mwenyewe kwa usahihi uleule aliojua mwisho wa adui yake. Rock Lee alitutoa machozi. Shikamaru alitufundisha namna ya kusoma.

Fikra hii haikuanzia kwa Kishimoto. Mwaka 1958 mwandishi Futaro Yamada alianza kuchapisha riwaya ya Koga Ninpocho. Ndani yake koo mbili za ninja, za Iga na Koga, zinaambiwa zitoe wapiganaji kumi kumi wauane, ili Tokugawa Ieyasu aamue ni mjukuu yupi atakayerithi utawala. Kila mmoja ana kipaji kimoja cha ajabu. Gombo lina majina ya wote ishirini, na anayekufa hufutwa kwa damu. Anayesoma riwaya ile anagundua haraka kwamba siri ndiyo silaha kubwa. Mbinu ikishaonekana mara moja na shahidi akapona, mwenye nayo amekwisha kuwa nusu maiti. Sanpei Shirato, mchoraji wa kipindi hichohicho, alikuwa na desturi ya kusimamisha hadithi ili amweleze msomaji mbinu fulani ilivyofanya kazi, kana kwamba ni somo la fizikia. Nyuma yao zipo simulizi za zamani zaidi. Ngano ya Jiraiya, iliyoanza kuchapwa Japani mwaka 1839, ina shujaa mwenye uchawi wa chura, mkewe Tsunade mwenye uchawi wa koa, yule konokono asiye na nyumba, na adui yao Orochimaru mwenye uchawi wa nyoka. Nyoka humla chura, chura humla koa, koa humyeyusha nyoka. Wanyama hao watatu walikuwa pia mchezo wa mikono wa Kijapani. Kishimoto alichukua majina yote matatu kwa walimu wakuu wa hadithi yake, na mzunguko wa namna hiyo akaupanua kwenye asili tano za chakra: moto hula upepo, upepo hula radi, radi hula udongo, udongo hula maji, maji hula moto. Katika mpango wa aina hiyo hakuna anayeweza kuwa juu ya wote.

Na ninja wa kweli? Mwaka 1581 Oda Nobunaga aliivamia Iga na makumi ya maelfu ya askari, akaisambaratisha. Maarifa yaliyosalia yaliandikwa baadaye, na kitabu maarufu kuliko vyote ni Bansenshukai cha mwaka 1676. Humo mna sura za silaha na zana za moto, lakini mna mengi zaidi kuhusu kujipenyeza. Kinaeleza namna ya kuingia kwa adui ukiwa wazi, uso ukionekana, umejivika maisha ya mtu mwingine. Na namna ya kuingia kwa kujificha. Kazi yao ilikuwa kurudi na habari. Aliyelazimika kupigana, kwa kawaida mambo yalikuwa yameshamwendea kombo.

Ndiyo maana sijapata kuona kifo cha kininja kuliko cha Jiraiya wa Kishimoto. Mzee huyu anajipenyeza peke yake katika Kijiji cha Mvua kumchunguza Pain, adui mwenye miili sita. Katikati ya mapigano anang'amua kwamba miili yote inaona pamoja: anachokiona mmoja wamekiona sita, kwa hiyo kumvizia mmoja kwa nyuma hakufai kitu. Angeweza kukimbia akiwa na hicho alichokipata. Anabaki, kwa sababu bado hajajua mwenye miili hiyo ni nani. Wanamponda koo hata hawezi kusema. Basi kwa kidole anaandika tarakimu mgongoni mwa chura mwenzake, fumbo linalofunguliwa kwa kurasa za riwaya aliyoitunga mwenyewe, na chura anatoroka na ujumbe: yule halisi hayumo miongoni mwao. Jiraiya ameshindwa vita kwa kila kipimo cha kijiweni. Lakini bila mgongo ule wa chura, Naruto asingejua amtafute mtu wa saba.

Naomba nirudi kwa Shikamaru, maana kuna pambano lake la pili ambalo kila mpenda bao angelifurahia. Hidan wa kundi la Akatsuki hafi. Akilamba damu ya mtu na kusimama ndani ya mduara aliouchora, kila jeraha analojitia linampata mwenye damu. Kwa njia hiyo alimuua Asuma, mwalimu wa Shikamaru, mtu aliyezoea kucheza naye shogi. Katika shogi kete iliyoliwa haitoki mchezoni. Aliyeila huirudisha ubaoni ikipigana upande wake. Mzee wa bao wa Zanzibar au Lamu angeielewa kanuni hiyo mara moja, kwa kuwa katika bao la kiswahili kete unazokula kwa mwenzako unazisambaza upande wako mwenyewe, na hakuna hata moja inayotoka nje ya ubao. Hivyo ndivyo Shikamaru anavyomla Hidan. Anahakikisha damu atakayoilamba ni ya Kakuzu, mwenzake Hidan mwenye mioyo mitano. Hidan anaingia mduarani, anajichoma kifuani kwa furaha, na mbali kule Kakuzu anaanguka, moyo mwingine umekwenda. Silaha mbaya kuliko zote uwanjani imepiga kwa niaba ya kijana asiyekuwa nayo. Kisha kwa kuwa Hidan hauawi, Shikamaru hajisumbui kumuua. Anamnasa kwa nyaya na karatasi za baruti katika msitu wa ukoo wa Nara na kumfukia shimoni akiwa hai, akiendelea kutukana.

Kutoka kimo kile hadithi ilishuka. Nasema hivyo kwa uchungu. Ilipofika Vita vya Nne vya Shinobi, yaani vya ninja, Madara Uchiha aliyefufuliwa anaangusha kimondo juu ya jeshi. Mzee Onoki anajitutumua na kukizuia kwa mikono yake, na Madara anaangusha cha pili juu ya kile cha kwanza. Ukurasa ule unatisha kweli. Lakini msomaji hana cha kuhesabu. Hakuna mkono uliozama majini wala mstari ardhini. Baadaye Madara anakuwa kitu kama mungu, na baada yake anashuka Kaguya, anayehamisha wapiganaji kutoka dunia hadi dunia kwa kupepesa jicho. Kila ugumu unatatuliwa kwa nguvu mpya aliyopewa Naruto au Sasuke na mzimu wa mhenga, nguvu ambazo hatukuziona zikichimbwa kama tulivyoliona lile shimo. Wale ninja wengine, wenye vivuli, wadudu, vibaraka na mbwa wa kunusa, wamebaki watazamaji, na mitindo iliyojengwa kwa ustadi wa miaka kumi haina kazi.

Sababu naziona. Jarida la kila wiki halimwachi mchoraji apumue, na wasomaji wa Jump hupiga kura kwa kadi za maoni. Hadithi inayopoa hushushwa. Njia nyepesi ya kuwapasha moto ni kuleta adui mkubwa kuliko wa jana. Miaka 15 ya mwendo huo ingemfikisha mtu yeyote kwenye vimondo. Simhukumu Kishimoto aliyekuwa akichora usiku na mchana. Nailaumu hamu yetu wasomaji ya kuona kilele juu ya kilele, hamu ileile inayolishwa na swali la nani mkali.

Nitajibiwa kwamba nguvu tupu nayo ina uzuri wake, na jibu hilo lina mfano mmoja mkubwa ninaoukubali kabisa: Might Guy dhidi ya Madara. Guy ni mwalimu wa Rock Lee, hana macho ya kurithi wala mnyama ndani yake. Anafungua mlango wa nane, wa mwisho, ule ambao mwanafunzi wake hakuufikia, na damu yake inachemka hadi kuwa mvuke mwekundu. Hila ni chache hapo, ni teke baada ya teke, na Madara mwenyewe anakiri kwamba hajawahi kukutana na mtu mwenye taijutsu kama ile. Lakini angalia jinsi lilivyojengwa. Tangu siku ya Lee na Gaara tuliambiwa kwamba anayefungua mlango wa nane hufa. Kikomo kiliwekwa miaka mingi kabla, kikaheshimiwa, na wenzake wanasogea kumfungulia njia wakijua anakwenda kulipa nini. Gaara, yuleyule aliyemponda Lee, sasa yumo kati ya wanaomkinga mwalimu wa Lee.

Guy aliokolewa na Naruto dakika ya mwisho, na hapo awali nilikasirika, maana hadithi hii ilikuwa imekwisha kuwarudisha wafu wengi mno. Nagato, yule mtu wa saba aliyeiendesha miili ya Pain, aliwafufua waliokufa Konoha, kijiji cha Naruto, kwa pumzi moja, na uzito wa pambano zima la Pain ukapungua kwa kurasa chache. Nilihofia Guy naye angeamka kesho yake akiruka sarakasi. Haikuwa hivyo. Mguu wake haukupona, na katika sura za mwisho, miaka mingi baada ya vita, bado yuko kwenye kiti cha magurudumu. Kishimoto alimwachia uhai na akakataa kumrudishia mguu, na kwa uamuzi huo pambano lile nalihesabu pamoja na yale ya vitabu vya mwanzo.